Kiwanja cha watu huru: Bustani ya Ukombozi mjini Kingston

Katikati ya New Kingston, mtaa wa benki, hoteli na ofisi za bima katika mji mkuu wa Jamaika, ipo bustani ya umma yenye ukubwa wa ekari 7 ambayo ilifunguliwa tarehe 31 Julai 2002, siku moja kabla ya sikukuu ambayo Wajamaika huadhimisha kukoma kwa utumwa kisiwani mwao. Jina lake rasmi ni Emancipation Park, na katika makala haya itaitwa Bustani ya Ukombozi. Si bustani kubwa kwa vipimo vya miji mikuu, wala haina gofu, gereza la kale au soko la watumwa ambalo mgeni angetembezwa kwa kiingilio. Thamani yake imo katika uamuzi uliofanywa na taifa dogo, nao ni kuchukua kipande cha ardhi ambacho kingeweza kuuzwa kwa bei kubwa, kukiacha wazi kwa kila mtu bila malipo, na kutamka kwamba kimetengwa kwa heshima ya siku ambayo wahenga wao walitoka katika milki ya wengine.

Mtaa wote wa New Kingston umejengwa juu ya eneo lililokuwa uwanja wa mashindano ya farasi wa Knutsford Park, uwanja uliotumika hadi mwaka 1959, mashindano hayo yalipohamishiwa Caymanas Park nje ya mji. Maghorofa yalipoanza kuota, kila kiwanja kilichosalia kikawa na wanunuzi, na bustani, iliyo katika pembe ya barabara za Knutsford na Oxford, ingeweza kabisa kuwa hoteli nyingine. Walioijenga na wanaoitunza ni National Housing Trust, mfuko wa taifa wa nyumba ulioanzishwa mwaka 1976, ambao hupokea makato ya mishahara ya wafanyakazi pamoja na michango ya waajiri wao ili kuwawezesha watu wa kipato cha kawaida kupata mikopo ya kujenga au kununua nyumba. Jambo hilo laweza kuonekana kama taarifa ya kiofisi tu, ya kusomwa na kupitwa, lakini kwa anayeijua historia ya uhuru wa Jamaika lina uzito wa pekee, kwa sababu swali la mahali pa kuishi ndilo lililowaandama walioachwa huru tangu asubuhi ya kwanza ya uhuru wao.

Mgeni anayeingia kwa lango kuu hukutana kwanza na maji na shaba. Sanamu iliyopo hapo, kazi ya msanii wa Kijamaika Laura Facey, ilizinduliwa tarehe 31 Julai 2003, mwaka mmoja baada ya bustani kufunguliwa, na imepewa jina la Redemption Song, wimbo wa Bob Marley wa mwaka 1980 ambao wazo lake kuu, kwamba kuikomboa akili ni kazi ya mtu mwenyewe, lilitoka katika hotuba aliyoitoa Marcus Garvey mwaka 1937. Ni watu wawili wa shaba nyeusi, mwanamume na mwanamke, wenye kimo cha mita 3 hivi, waliosimama wakielekeana bila nguo yoyote mwilini, nyuso zao zimeinuliwa juu na miguu yao imezama ndani ya kitako cha mviringo ambacho maji hutiririka juu yake muda wote. Hakuna mnyororo uliokatika, wala ngumi iliyoinuliwa, wala bendera. Anayekaribia hadi ukingoni mwa maji huona kwamba mikono yao imeteremka ubavuni kwa utulivu, kama ya mtu anayeoga mtoni mapema asubuhi akiwa hana wasiwasi wa kuonwa.

Ng'ambo ya sanamu ndipo bustani yenyewe inapofunguka: nyasi zilizokatwa vizuri, mitende mirefu, chemchemi, jukwaa la maonyesho na viti vya kupumzikia, na kuizunguka yote, njia ya kukimbilia yenye urefu wa mita 500 ambayo imetandikwa mpira ili kuyahurumia magoti ya wakimbiaji. Katika uzio zimechongwa alama za Adinkra, yaani michoro ya Waakan wa Ghana ambayo zamani ilipigwa chapa juu ya vitambaa vilivyovaliwa misibani, na ambayo kila mmoja hubeba methali au wazo. Kuwekwa kwake pale kuna sababu ya kihistoria, kwa kuwa sehemu kubwa ya Waafrika waliopelekwa Jamaika walipakiwa katika ngome za Pwani ya Dhahabu, nchi ambayo leo ni Ghana, na athari yao ilibaki katika majina ya watu yaliyofuata siku ya kuzaliwa, kama Cudjoe kwa mvulana wa Jumatatu, na katika hadithi za Anansi, buibui mjanja ambaye huwashinda wenye nguvu kwa hila zilezile ambazo mtoto wa pwani ya Afrika Mashariki huzisikia katika hadithi za Sungura.

Mimea ya Jamaika nayo ina nasaba ya utumwa, na msomaji wa Mombasa, Tanga au Zanzibar ataitambua baadhi yake bila kuambiwa. Mti wa ackee, ambao tunda lake hupikwa pamoja na samaki mkavu wa chumvi na kuhesabiwa kuwa chakula cha taifa, uliletwa kutoka Afrika Magharibi katika karne ya 18. Mshelisheli, unaotoa shelisheli la kuchemshwa au kuchomwa, uliletwa mwaka 1793 na nahodha Mwingereza William Bligh kutoka visiwa vya Bahari ya Pasifiki kwa sababu wenye mashamba ya miwa walitaka chakula rahisi cha kuwalisha watumwa, ili ardhi nzuri na muda wa kazi visipotee kwa kulima nafaka. Leo mti huo umezoeleka katika nyua za Wajamaika, na wanaoula hawaoni haya yoyote, kwani chakula kilichokusudiwa kuwa posho ya mateka kimegeuzwa na wapishi wake kuwa chakula cha sikukuu.

Ili kuelewa kilichoadhimishwa katika ekari hizo 7 ni lazima kurudi nyuma hadi mwaka 1655, Waingereza walipoinyang'anya Hispania kisiwa hicho na kukifanya, katika miaka iliyofuata, shamba kubwa la miwa. Sukari ilihitaji mikono mingi na iliua haraka. Kukata miwa juani, kuisaga katika vinu vilivyozunguka usiku na mchana wakati wa mavuno, na kuchemsha maji yake katika masufuria makubwa mfululizo kuliwachakaza watu kiasi kwamba wenye mashamba wengi waliona ni nafuu kununua wengine kuliko kuwatunza waliokuwapo. Bandari ya Kingston, ambayo kwa miguu si mbali sana na bustani, ilikuwa mojawapo ya bandari kubwa za kushushia mateka katika Karibi nzima, na ingawa waliovushwa kwenda Jamaika kwa zaidi ya karne moja na nusu walikuwa mamia kwa mamia ya maelfu, watumwa waliohesabiwa kisiwani mwaka 1834 hawakuzidi sana 311,000.

Bunge la Uingereza lilipiga marufuku biashara ya watumwa mwaka 1807, lakini utumwa wenyewe uliendelea, na vitabu vingi vya shule husimulia mwisho wake kana kwamba ulikuwa hisani ya wabunge wa London waliochoshwa na dhambi. Simulizi hiyo haitoshi. Tarehe 27 Desemba 1831 moto ulionekana juu ya kilima cha Kensington, magharibi mwa Jamaika, ukawa ishara ya mgomo uliogeuka uasi na kuwashirikisha watumwa wapatao 60,000. Aliyeupanga ni Samuel Sharpe, shemasi wa kanisa la Baptisti aliyejua kusoma magazeti na kuwaeleza wenzake yaliyomo, ambaye alikusudia watu wakatae kufanya kazi baada ya Krismasi mpaka walipwe ujira. Wazungu waliouawa hawakufika 20, ilhali watumwa zaidi ya 300 walinyongwa au kupigwa risasi kwa amri ya mahakama zilizosikiliza kesi kwa dakika chache, mbali na wale waliouawa katika mapambano. Sharpe mwenyewe alinyongwa Montego Bay tarehe 23 Mei 1832. Miezi 15 baadaye, Agosti 1833, sheria ya kufuta utumwa katika sehemu kubwa ya makoloni ya Uingereza ilitiwa sahihi, kwa kuwa ilikwisha kudhihirika kwamba gharama ya kuwalinda wenye mashamba kwa bunduki ingekuwa kubwa kuliko faida ya sukari yao.

Hata hivyo sheria hiyo, iliyoanza kutumika tarehe 1 Agosti 1834, haikumwacha huru mara moja isipokuwa mtoto aliyekuwa hajatimiza miaka 6. Wengine wote waliingizwa katika mpango ulioitwa uanagenzi, neno ambalo kwa kawaida humaanisha kujifunza kazi chini ya fundi, lakini ambalo hapa lilitumiwa kuwalazimisha watu waliokwisha kuzijua kazi zao kwa maisha yao yote kuendelea kuwatumikia mabwana walewale kwa muda wa saa 40 na nusu kila wiki bila malipo. Wa mashambani walipangiwa miaka 6 na wa majumbani miaka 4. Mwanagenzi aliyekaidi alipelekwa jela ya kazi ngumu, ambako kilikuwapo kinu cha kukanyaga, yaani pipa kubwa la mbao lenye vidato pembeni, lililozungushwa kwa miguu ya wafungwa waliofungwa viganja vyao kwenye boriti ya juu. Aliyechoka na kupotewa na hatua alining'inia kwa mikono huku vidato vikimgonga magotini, na wanawake hawakuepushwa. Mwaka 1837 ulichapishwa Uingereza ushuhuda wa kijana James Williams, mwanagenzi aliyeyapitia hayo mwenyewe, na hasira iliyozuka iliufanya mpango huo uvunjwe kabla ya wakati wake, tarehe 1 Agosti 1838. Hiyo ya pili ndiyo tarehe ambayo Wajamaika wa kale waliiita uhuru kamili.

Usiku wa kuamkia siku hiyo, katika kanisa la Baptisti la mji wa Falmouth, mchungaji William Knibb na waumini wake waliweka ndani ya jeneza mnyororo, mjeledi na pete ya chuma ya kuvishwa shingoni, wakalizika kaburini uani kwa kanisa kama azikwavyo maiti, kisha wakapanda mti juu yake. Katika Spanish Town, uliokuwa mji mkuu wakati huo, tangazo la uhuru lilisomwa mbele ya umati kwenye ngazi za jumba la gavana. Hadi leo usiku wa Julai 31 hufanyika mikesha sehemu mbalimbali za kisiwa, tangazo husomwa tena, ngoma hupigwa, na wazee huvaa mavazi ya kitambaa cha Kiafrika. Anayepanga kuitembelea Bustani ya Ukombozi angefanya vyema kuifikia katika siku hizo, kati ya mkesha huo na tarehe 6 Agosti, sikukuu ya uhuru wa taifa, ambapo mji wote huwa na pilikapilika za maadhimisho na bustani yenyewe hujaa.

Linalostahili kukaziwa, kwa kuwa ndilo hulipatia eneo hili maana yake, ni namna hesabu ya fidia ilivyopigwa. Serikali ya Uingereza ilitenga paundi milioni 20, kiasi kilichokaribia asilimia 40 ya matumizi yake ya mwaka mzima, na fedha zote hizo zikaenda kwa wenye watumwa kama malipo ya mali iliyopotea, ambapo wale wa Jamaika walipata zaidi ya paundi milioni 6. Deni lililokopwa kwa ajili hiyo lilimalizika kulipwa mwaka 2015, maana yake ni kwamba walipa kodi wa Uingereza, wakiwamo wahamiaji kutoka Jamaika na watoto wao, waliendelea kuchangia fidia ya mabwana hadi karne ya 21. Waliokuwa watumwa hawakupewa senti moja wala shibiri moja ya ardhi. Vibanda walivyokuwa wakiishi walivijenga kwa mikono yao, na vishamba vya milimani walikolima viazi vikuu, ndizi na mahindi, ambavyo mazao yake waliyauza kwenye masoko ya Jumapili, walivifyeka wao wenyewe. Lakini mara tu baada ya Agosti 1838 wenye mashamba walianza kuwatoza kodi kwa vyote viwili, mara nyingine kwa kila mtu mzima aliyelala humo, na aliyekataa kufanya kazi kwa ujira uliopangwa aliweza kufukuzwa na mazao yake kung'olewa.

Hapo ndipo vilipoenea vijiji huru, yaani makazi yaliyoanzishwa nje ya himaya ya mashamba makubwa, mara nyingi kwa wachungaji wa Baptisti kununua ardhi kwa majina yao, kuigawa vipande vidogo na kuwauzia waumini kwa malipo ya polepole. Cha kwanza, Sligoville, kilichopo milimani juu ya Spanish Town, kilianza mwaka 1835 kwa juhudi za mchungaji James Phillippo. Sio kila mtu aliyepata kijiji. Mwaka 1865, ardhi ilipokuwa haba na mahakama zikiwa mikononi mwa wenye mashamba, Paul Bogle aliwaongoza watu wa Stony Gut hadi Morant Bay kudai haki, na Gavana Edward Eyre alijibu kwa kuua zaidi ya watu 400, Bogle mwenyewe akiwamo. Kwa hiyo mfuko wa nyumba wa wafanyakazi unapotoa fedha zake kujenga bustani ya kukumbuka ukombozi, unaunganisha mambo mawili ambayo sheria ya 1833 iliyatenganisha, yaani kuwa huru na kuwa na mahali pa kukanyaga bila kumwomba mtu ruhusa.

Kumbukumbu yenyewe nusura ipotee. Tarehe 1 Agosti ilikuwa sikukuu ya umma kwa miongo mingi, hadi Jamaika ilipojitawala tarehe 6 Agosti 1962 na watawala wapya wakaona mwezi mmoja hautoshi sikukuu mbili, hivyo Siku ya Ukombozi ikafutwa ili Siku ya Uhuru ing'ae peke yake. Kwa miaka 35 watoto wa shule walikua wakiijua siku ambayo bendera ilipandishwa bila kuijua siku ambayo bibi wa bibi zao waliacha kuwa mali ya watu. Kamati ya alama na maadhimisho ya taifa iliyoongozwa na Rex Nettleford, mwanazuoni na mcheza ngoma wa jukwaani, iliyachunguza mambo hayo mwaka 1996, na mwaka uliofuata serikali ya P. J. Patterson ilirejesha sikukuu hiyo. Bustani iliyofunguliwa miaka 5 baadaye, Patterson akiwa bado waziri mkuu, ni mwendelezo wa uamuzi huo.

Sanamu ya langoni ilipozinduliwa ilizua mabishano yaliyojaza magazeti na vipindi vya redio kwa majuma kadhaa. Wengi walilalamikia uchi, hasa wa mwanamume, na wapo waliotaka iondolewe. Wengine waliuliza kwa nini kazi hiyo ilipewa msanii mwenye ngozi nyeupe kuliko Wajamaika walio wengi, ingawa ilishinda kwa shindano. Malalamiko ya uchi hayana nguvu kubwa kwa anayekumbuka kwamba mnadani mtumwa alivuliwa nguo ili wanunuzi wamkague meno, misuli na nyonga kama ng'ombe. Wawili hawa wamesimama uchi bila mnunuzi, na kwa hakika hilo ndilo jibu kali kuliko vazi lolote ambalo msanii angewavisha. Hoja iliyo nzito zaidi ni ile ya waliosema kwamba wanaotazama mbinguni namna hiyo wanaonekana kama wanaongojea uhuru ushushwe, wakati uhuru wa Jamaika ulipiganiwa na Sharpe, na kabla yake na Wamaruni, yaani watoro waliojenga jamii zao milimani wakawalazimisha Waingereza kutia sahihi mikataba ya amani na ardhi mwaka 1739. Kwa hoja hiyo wakosoaji walikuwa na haki, na bustani ingepata ukamilifu zaidi kama mgeni angekutana humo na moto wa Kensington pamoja na utulivu wa maji.

Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki hawezi kuyasoma haya bila kukumbuka Mkunazini, mtaa wa Zanzibar lilipokuwa soko la watumwa. Soko hilo lilifungwa kwa mkataba ambao Sultani Barghash alilazimishwa na Waingereza kuutia sahihi tarehe 5 Juni 1873, na mahali lilipokuwa likajengwa kanisa kuu la Kianglikana chini ya usimamizi wa Askofu Edward Steere, mtu aliyeacha pia vitabu vya sarufi ya Kiswahili. Uani kwa kanisa hilo ipo kazi ya msanii wa Uswidi, Clara Sörnäs, iliyowekwa miaka ya mwisho ya karne ya 20: watu watano waliosimama ndani ya shimo lililo chini ya usawa wa ardhi, shingo zao zimeunganishwa kwa mnyororo, nyuso zao zimejaa huzuni. Ni kazi yenye nguvu, na maelfu ya wageni huiona kila mwaka, wengi wao wakiwa wamekata tiketi. Lakini wale watu watano hawajatoka shimoni. Kingston imeonyesha alichokuwa mtumwa baada ya kuacha kuwa mtumwa, Zanzibar imeonyesha alichofanyiwa, na pwani ya Afrika Mashariki inahitaji kuyaona yote mawili.

Upungufu huo una mizizi yake. Soko lilipofungwa mwaka 1873 kilichokatazwa ni biashara ya baharini na minada, si umiliki wa watu. Amri iliyoondoa hadhi ya kisheria ya utumwa Unguja na Pemba ilitolewa na Sultani Hamoud bin Mohammed tarehe 6 Aprili 1897, nayo ilimtaka mtumwa aende mwenyewe mahakamani kuomba uhuru wake, ikampa bwana wake fidia, ikamlazimu aliyeachwa huru kuonyesha kwamba ana makazi na njia ya kujikimu, la sivyo ahesabiwe mzururaji. Masuria, yaani wajakazi waliokuwa wakiishi na mabwana zao kama wake bila ndoa, hawakuingizwa humo hadi mwaka 1909. Katika pwani ya Kenya utumwa ulifutwa kisheria mwaka 1907, na Tanganyika ikangoja hadi 1922. Ni uanagenzi wa Jamaika uliovaa kanzu: uhuru uliotangazwa huku ardhi ikibaki kwa wenyewe, ambapo walioachwa huru walikaa chini ya mikarafuu na minazi ya mabwana wa zamani kwa ridhaa ya mabwana hao, na vizazi vyao katika sehemu nyingi za Malindi, Kilifi na Mombasa vikaja kuitwa maskwota juu ya viwanja ambavyo babu zao walivilima kwa lazima. Sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 katika pwani ya Kenya ilisikiliza madai ya wenye nyaraka na wenye sauti, na wengi wa waliokuwa watumwa hawakuwa na kimoja wala kingine.

Pwani hii nayo ilikuwa na Wamaruni wake. Watoro waliokimbia mashamba ya nafaka ya Malindi na Takaungu walijenga vijiji vyao bara, Fuladoyo kikiwa kimojawapo, wakajilinda kwa silaha na kulima mashamba yao. Ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa wamisionari walianzisha Freretown mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliookolewa katika majahazi, na kengele iliyotundikwa pale ndiyo iliyoupa mtaa wa Kengeleni jina lake. Magari elfu kwa elfu huipita kila siku katika barabara ya Nyali, na ni abiria wachache wanaojua ilikuwa ikilia kwa ajili ya nani. Wa Bagamoyo wana misheni ya mwaka 1868 pamoja na kijiji chake cha watumwa waliokombolewa. Mali ghafi ya kumbukumbu, kwa hiyo, haikosekani kamwe.

Kwa mgeni anayekwenda Kingston, ushauri ni kuiepuka saa ya adhuhuri, kwa kuwa mji uko katika nyuzi 18 kaskazini mwa ikweta na jua lake halina huruma, na badala yake kufika alfajiri au baada ya saa kumi na moja jioni. Wakati huo ndipo makarani wa New Kingston hubadilisha viatu wakaingia njia ya mpira, mabibi hutembea wawili wawili wakizungumza, watoto hukimbizana pembezoni mwa chemchemi, na kukiwa na tamasha jukwaani watu hukaa kwenye nyasi bila kuulizwa tiketi. Mwezi wa Desemba miti hupambwa kwa taa na familia humiminika kutoka kila pembe ya mji kupiga picha. Baadhi ya watu wa utamaduni hulalamika kwamba wakimbiaji wamesahau sababu ya bustani kuwapo. Lalamiko hilo halielekei kuwa la haki, kwa sababu kijana anayezunguka mita 500 zile mara kumi bila mlinzi kumuuliza anatoka wapi wala kibali chake kiko wapi anatumia kitu kilekile ambacho babu yake alinyimwa, na kila mzunguko humrudisha mbele ya sanamu.

Halmashauri za miji ya pwani, wizara zinazosimamia utamaduni na mambo ya kale, na wananchi wenyewe wa Unguja, Pemba, Bagamoyo na Mombasa wanaombwa kulitafakari hili kwa dhati, kabla viwanja vya wazi vilivyobaki mijini havijamalizwa na maduka. Kinachotakiwa si mnara wa gharama. Ni kiwanja kimoja cha umma kisicho na kiingilio, chenye miti ya kivuli na bomba la maji, kilichoandikwa langoni kwa Kiswahili kwamba kipo kwa ajili ya waliokuwa watumwa wakawa watu huru, pamoja na majina ya vijiji vya watoro na tarehe za sheria, zile zilizotekelezwa na zile zilizocheleweshwa. Inatakiwa pia siku. Zanzibar kila tarehe 7 Aprili huwa na mapumziko ya kumkumbuka Mzee Abeid Amani Karume, na siku inayoitangulia, tarehe 6 Aprili, ndiyo siku ya amri ya mwaka 1897, ambayo hadi sasa haijapewa nafasi yake katika kalenda.